Programu za Kibiashara, Programu Huria na Umbali wa Marekebisho: Historia ya Hesabu na Takwimu za Umma Tanzania Ikitazamwa kutoka Lumuma, Wilaya ya Kilosa

Utangulizi

Kata ya Lumuma ipo magharibi mwa Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, upande ambao wilaya hiyo inapakana na Mpwapwa ya mkoa wa Dodoma. Ni kata ya wakulima, na kilimo cha umwagiliaji, hasa cha vitunguu, ndicho kinachoiunganisha na masoko ya mbali. Mtu anayeandika historia ya kompyuta nchini Tanzania hatarajiwi kuanzia hapo. Kwa kawaida historia hiyo huanzia Hazina, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au makao makuu ya wizara, kwa kuwa huko ndiko mikataba ilikotiwa saini na mashine zilikofungwa.

Hata hivyo, zahanati ya kata kama Lumuma hufunga kila mwezi takwimu za wagonjwa katika fomu za Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, MTUHA, na fomu hizo hupelekwa wilayani ili ziingizwe katika kompyuta. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vya afya na zahanati vimekuwa pia vikipokea moja kwa moja katika akaunti zao za benki sehemu ya fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, na kutakiwa kuzitolea hesabu. Kila tarakimu inayotoka katani huishia ndani ya programu fulani. Ni nani aliyeiandika programu hiyo, imetolewa kwa leseni ya aina gani, na ni nani mwenye uwezo wa kuibadilisha ni maswali yanayomgusa mganga mfawidhi wa zahanati kama yanavyomgusa mhasibu wa Hazina.

Mjadala kuhusu ushindani wa programu za kibiashara na programu huria umezoeleka kuelezwa kwa kigezo cha bei: upande mmoja una leseni zinazolipiwa, upande wa pili hauna. Makala haya yanadai kwamba katika historia ya Tanzania bei ya leseni haikuwa mwamuzi mkuu. Kilichoamua ni kitu kinachoitwa hapa umbali wa marekebisho, yaani masafa ya kijiografia, ya kilugha na ya kitaasisi yaliyopo kati ya anayeijaza fomu na anayeweza kuirekebisha programu inayoipokea. Mifumo iliyoufupisha umbali huo ilidumu, iwe ya kibiashara au huria. Mifumo iliyouacha ulivyo ilififia au ilibadilishwa. Hoja hii inajengwa kwa kufuata matukio manne kwa mpangilio wa wakati, baada ya kufafanua istilahi.

Bure, Huru na Huria

Mzozo wenyewe ulizaliwa Marekani. Mwaka 1976 Bill Gates aliandika barua ya wazi akiwalaumu wapenzi wa kompyuta ndogo kwa kunakili programu ya kampuni yake bila kuilipia. Barua hiyo iliweka bayana msimamo kwamba programu ni mali inayouzwa kama mali nyingine. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU kwa msimamo ulio kinyume: mtumiaji awe na haki ya kuitumia programu, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza. Mwaka 1991 Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, alitoa kiini cha Linux, na mwaka 1998 baadhi ya wafuasi wa mkondo huo wakaanza kutumia jina jipya lililosisitiza uwazi wa msimbo chanzo na faida zake katika biashara.

Katika Kiingereza neno moja hubeba maana ya kutolipiwa na ya kuwa na uhuru, na Stallman alilazimika kulifafanua kwa miaka mingi. Kiswahili hakina tatizo hilo, kwa kuwa bure si huru. Neno lililozoeleka, huria, lina historia yake. Watanzania wamelijua kupitia soko huria la miaka ya mageuzi ya uchumi, na kupitia Chuo Kikuu Huria, ambako mlango uko wazi ingawa ada hulipwa. Istilahi programu huria kwa hiyo inamwambia msomaji wa Kiswahili jambo sahihi tangu mwanzo: kinachozungumzwa ni ruhusa, na gharama ni suala jingine. Tofauti hii ni muhimu kwa hoja inayofuata, kwa sababu ruhusa ya kubadilisha ina thamani pale tu alipo mtu anayeweza kubadilisha.

Hazina, 1965 hadi 1974

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lengo lilikuwa hesabu za serikali na malipo ya mishahara. Katika miaka iliyofuata Hazina ilijaribu kuuhamishia mfumo mzima wa uhasibu katika kompyuta, na jaribio hilo likashindwa. Hesabu zilivurugika, na kazi ikalazimika kurudishwa katika utaratibu wa mikono. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, katazo lililogusa pia vifaa vya televisheni. Katazo hilo lilianza kulegezwa katika miaka ya 1980.

Tukio hili hutajwa mara nyingi kama mfano wa serikali iliyoiogopa teknolojia. Tafsiri hiyo haitoshelezi. Wakati huo programu haikuwa bado bidhaa inayouzwa peke yake kwa wingi. Mashine, programu na wataalamu vilikuja pamoja, na wataalamu walio wengi walikuwa wageni. Hesabu zilipoharibika, ndani ya Hazina hapakuwa na kundi la Watanzania wa kutosha wenye kuujua mfumo kiasi cha kuutengeneza. Umbali wa marekebisho ulikuwa mrefu kuliko subira ya serikali. Jambo la kuzingatia ni kwamba tatizo hilo lilijitokeza kabla ya kuwapo kwa ushindani wa leseni unaojadiliwa leo, na lilibaki palepale ushindani huo ulipofika.

Kutoka Platinum hadi Epicor

Serikali ilirudi katika uhasibu wa kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1990 kupitia Mfumo Funganishi wa Usimamizi wa Fedha. Programu iliyochaguliwa ilikuwa ya kibiashara, Platinum, ya kampuni ya California iliyobadili jina lake kuwa Epicor mwaka 1999. Hapakuwa na mshindani huria wa kweli. Programu huria za wakati huo zilikuwa na nguvu katika seva na mitandao, lakini hapakuwa na iliyokomaa kwa ajili ya hesabu za serikali nzima, zenye vifungu vya bajeti, udhibiti wa ahadi za malipo na hazina ndogo mikoani.

Katika hatua ya kwanza uamuzi huo ulizaa matunda. Malipo yaliyokuwa yakifanywa nje ya bajeti yalianza kuzuiwa na mfumo wenyewe, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za Afrika zilizotajwa kama mfano wa mageuzi ya aina hiyo. Sababu mojawapo inaoana na hoja ya makala haya: kampuni ya ndani iliyowakilisha programu hiyo ilikuwa karibu na Hazina, na wahasibu walifunzwa hatua kwa hatua. Programu ilikuwa na mwenyewe Marekani, lakini sehemu kubwa ya matatizo ya kila siku yalimalizwa Dar es Salaam.

Hali ilibadilika mfumo uliposhuka ngazi. Epicor ilienezwa katika halmashauri, na kuanzia mwaka wa fedha 2012/13 toleo la 9.05 likawa ndilo la halmashauri nchini kote. Mweka hazina wa halmashauri ya wilaya sasa alitegemea mtandao wa mawasiliano, wataalamu walioko TAMISEMI, mwakilishi wa kampuni, na nyuma yao wote mtengenezaji wa ng'ambo. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilirudia kueleza kwamba moduli kadhaa za Epicor hazikutumika ipasavyo na kwamba taarifa za fedha ziliandaliwa nje ya mfumo. Mhasibu aliyeshindwa kupata ripoti aliyoihitaji ndani ya Epicor aliitengeneza katika jedwali la kawaida la kompyuta, mahali ambapo alikuwa na uwezo wa kubadilisha safu na mistari mwenyewe. Kitendo hicho kilivunja utaratibu wa udhibiti, lakini kilikuwa pia ushahidi kwamba mtumiaji huelekea mahali palipo na uwezo wa kurekebisha.

Kwa kata, Epicor iliishia makao makuu ya wilaya. Zahanati na shule hazikuwamo. Fedha zao zilionekana katika mfumo kama matumizi ya idara ya halmashauri, na kilichotokea katani kilibaki katika madaftari.

Jambo OpenOffice na Kiswahili cha Microsoft

Tukio la tatu ndilo ambalo ushindani wa pande mbili ulijitokeza waziwazi, tena kwa lugha ya Kiswahili. Mwaka 2004 Microsoft ilitangaza nia ya kutoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Mwaka huohuo mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Sweden ya IT+46, ulikuwa ukitafsiri programu huria ya ofisi, OpenOffice.org. Mwezi Desemba 2004 toleo lake la Kiswahili, lililopewa jina la Jambo OpenOffice, lilitolewa kwa umma. Sura ya Kiswahili ya Windows XP na Office 2003 ilifuata mwaka 2005.

Kwa kigezo cha bei, Jambo OpenOffice ilipaswa kushinda. Ilikuwa ya kwanza, ilitokana na chuo kikuu cha nchi, na mtu yeyote aliruhusiwa kuinakili. Haikushinda, na sura ya Kiswahili ya Microsoft haikushinda pia. Ofisi za Tanzania ziliendelea kutumia Microsoft Office kwa Kiingereza.

Sababu mbili zinaeleza matokeo hayo. Ya kwanza ni unakili usio na leseni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, lakini katika maduka ya kuchapa na kutengeneza kompyuta nakala za programu za kibiashara zilipatikana kwa urahisi. Kwa mnunuzi wa kompyuta iliyotumika, bidhaa ya kulipia ilikuwa tayari bure, hivyo mshindani huria alinyang'anywa silaha ambayo watetezi wake waliitegemea zaidi. Sababu ya pili ni mafunzo. Vyuo vilifundisha kwa menyu za Kiingereza, na mwajiri aliuliza ujuzi wa programu zilizozoeleka kwa majina yake. Aliyefungua Jambo OpenOffice alikutana na istilahi sahihi za lugha yake ambazo hakufundishwa popote.

Kwa hiyo umbali wa kilugha ulifupishwa kwa upande mmoja tu. Tafsiri ilifanywa kwa ustadi, na istilahi zilizokusanywa zilichangia maendeleo ya Kiswahili cha TEHAMA. Kilichokosekana ni taasisi ya kudumu yenye wajibu wa kupokea malalamiko, kutafsiri matoleo mapya na kuandaa walimu. Programu hubadilika kila mwaka, nayo tafsiri isiyohudumiwa huzeeka upesi kama kamusi isiyopigwa chapa tena.

MTUHA na DHIS2

Tukio la nne lina mwisho tofauti. MTUHA ilienezwa nchini kuanzia 1993 kama mfumo wa vitabu na fomu za karatasi. Huko Afrika Kusini, baada ya kumalizika kwa ubaguzi wa rangi mwaka 1994, watafiti wa Oslo na Cape Town walianza kutengeneza programu ya takwimu za afya za wilaya, DHIS. Programu hiyo ilitolewa bila malipo, lakini toleo lake la kwanza lilijengwa juu ya Microsoft Access. Wilaya iliyoipokea bure ilihitaji bado leseni ya kibiashara ya msingi wake, au nakala isiyo na leseni. Mfano huu unaonyesha jinsi mpaka kati ya kambi mbili ulivyo hafifu katika matumizi halisi.

Toleo la pili, DHIS2, lilianza kuandikwa Chuo Kikuu cha Oslo mwaka 2004 kwa zana huria, nalo hutumika kupitia mtandao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa sehemu ya ushirika huo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watafiti wake, miongoni mwao Honest Kimaro na Juma Lungo, walisomea shahada za uzamivu Oslo kwa kuchunguza mifumo hii ndani ya wilaya za Tanzania na nchi nyingine. Kenya ilieneza DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, na kufikia mwisho wa 2013 Tanzania Bara nayo ilikuwa imeifikisha katika mikoa yake yote.

Kwa nini programu hii huria ilishika mizizi pale Jambo OpenOffice iliposhindwa? Kwanza, haikushindana na bidhaa iliyokwisha kunakiliwa bure kila duka. Pili, iliingia kupitia wizara yenye amri juu ya fomu, hivyo mtumiaji hakuachiwa kuchagua. Tatu, na hii ndiyo sababu kuu, muundo wake unaruhusu fomu, viashiria na ripoti kubadilishwa na mtaalamu wa wizara au wa chuo bila kugusa msimbo chanzo. Fomu ya MTUHA inapobadilishwa, kazi hufanyika nchini, na watu waliofunzwa kuifanya wapo nchini.

Hata hivyo umbali haukufutwa. Msimbo wa kiini uliendelea kuongozwa kutoka Oslo, na teknolojia zilizotumika zilikuwa ngumu kwa waandishi wa programu wapya kusini mwa dunia, jambo ambalo watafiti wa ushirika wenyewe walilieleza. Vilevile uwezo wa kubadilisha fomu uliongezeka makao makuu, si katani. Mhudumu wa zahanati anayejaza kitabu kwa kalamu na kupeleka muhtasari Kilosa anaweza kuona safu isiyolingana na magonjwa anayoyatibu. Leseni ya DHIS2 inampa haki ya kuibadilisha, lakini hakuna njia rasmi fupi inayoifikisha haki hiyo mezani kwake.

Njia ya Tatu

Kuanzia 2017 serikali ilichukua mwelekeo ambao mjadala wa pande mbili haukuutarajia. Septemba 2017 ilizinduliwa mifumo miwili: PlanRep ya mtandaoni kwa mipango na bajeti za halmashauri, na FFARS kwa uhasibu wa vituo vya kutolea huduma, vikiwamo zahanati na shule. FFARS ilijaza pengo lililoachwa na Epicor. Kwa mara ya kwanza zahanati ikawa kitengo cha uhasibu chenye akaunti, mapato na matumizi yanayosomeka kwa jina lake. Baadaye Hazina iliiacha Epicor na kuingia katika Mfumo wa Ulipaji Serikalini, MUSE, uliotengenezwa na wataalamu wa ndani. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao nguvu ya kusimamia miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma.

Mifumo hii haina leseni ya kila mwaka ya kampuni ya kigeni. Hata hivyo si programu huria kwa maana iliyoelezwa hapo juu, kwa kuwa msimbo wake haukutolewa kwa umma ili uchunguzwe na kubadilishwa. Faida yake kubwa ni ileile ya umbali: anayeweza kurekebisha yupo Dodoma, anazungumza Kiswahili, na anazijua kanuni za fedha za nchi. Hasara yake ni kwamba maarifa hayo yamo ndani ya kundi dogo la watumishi. Wakiondoka, hakuna jumuiya ya nje iliyoisoma kazi yao.

Aidha, uhuru kutoka katika leseni haukuwa uhuru kutoka katika fedha za wengine. PlanRep ya mtandaoni na FFARS zilitengenezwa kwa msaada wa mradi wa USAID, na DHIS2 kwa miaka mingi imepata fedha za Norway na wafadhili wengine. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na USAID ikafungwa mwaka huohuo. Leseni huria haifutiki kwa tukio kama hilo, na msimbo wa serikali haunyang'anywi. Lakini seva, mafunzo na mishahara ya wanaorekebisha havilindwi na leseni yoyote. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na methali hiyo inafaa kwa mfadhili kama inavyofaa kwa muuzaji.

Hitimisho

Matukio manne yaliyochambuliwa, pamoja na mwelekeo mpya uliofuata, yanaonyesha kwamba ushindani wa programu za kibiashara na programu huria nchini Tanzania haukuwa mashindano ya bei. Mfumo wa Hazina wa kabla ya 1974 ulianguka kwa kukosa watengenezaji wa ndani. Epicor ilistawi ilipokuwa karibu na mtaalamu wake na ikadhoofika iliposambaa mbali naye. Jambo OpenOffice ilikuwa ya bure katika soko ambalo kila kitu kilikuwa bure, na haikuwa na mhudumu. DHIS2 ilidumu kwa sababu chuo kikuu na wizara vilijenga watu wa kuibadilisha. Mifumo ya serikali iliyofuata imeuleta urekebishaji ndani ya nchi, lakini imeufungia ndani ya ofisi chache.

Kwa upande wa nadharia, matokeo haya yanapendekeza kwamba utafiti wa programu huria Afrika Mashariki uache kuihesabu leseni kama kigezo kinachojitosheleza na uchunguze taasisi zinazoihudumia. Kwa upande wa sera, swali la kuuliza kabla ya mkataba wowote ni rahisi: safu moja ya fomu ikiwa na kosa, ni ofisi ngapi zitapitiwa, na kwa muda gani, kabla ya kumfikia mtu mwenye uwezo wa kuisahihisha? Jibu la swali hilo hupimwa vizuri zaidi kutoka chini. Kutoka Lumuma njia hiyo hupita Kilosa, kisha Dodoma au Dar es Salaam, na kwa baadhi ya mifumo huendelea hadi Oslo. Zahanati inayotakiwa kuzitolea hesabu fedha zake yenyewe haijapata bado nafasi iliyo wazi ya kusema kwamba daftari ililopewa halilingani na kazi inayoifanya.